Kabla talaka haijatoka, isomeni upya karatasi ya matunzo ya mtoto

Maswali mengi yanayoletwa kwenye safu hii ni ya dawa na dalili. La wiki hii limekuja na picha ya karatasi, imepigwa kwa simu juu ya meza ya jikoni, na kona moja ina doa la chai. Ni makubaliano ya matunzo ya mtoto yaliyoandikwa siku wazazi walipokuwa mbele ya baraza la usuluhishi la ndoa. Yana mistari minne. Mtoto atakaa na mama. Baba atatoa Sh150,000 kila mwezi. Baba atamwona mtoto wakati wa likizo. Pande zote zimeridhika na hakuna atakayedai kingine. Chini yake zipo sahihi za wazazi wote wawili na za mashahidi wawili, mmoja kutoka kila upande.

Mtoto anayezungumziwa ana miaka sita na anaishi na selimundu. Neno hilo halimo popote kwenye karatasi.

Mama yake anaeleza kwamba shauri la talaka sasa liko mahakama ya mwanzo na hukumu inatarajiwa kusomwa mwisho wa mwezi. Anauliza kama anaweza kurudi nyuma akiwa ameshasaini, na kama akirudi hataonekana mwanamke mwenye tamaa anayetaka kumkomoa mume. Baba wa mtoto, kwa maelezo ya mama huyohuyo, si mtu mbaya. Ana biashara ndogo ya vipuri vya pikipiki, na miezi yote tangu watengane ametuma hela bila kukumbushwa.

Jibu fupi ni kwamba anaruhusiwa, na wakati mzuri wa kufanya hivyo ni sasa, kabla hakimu hajasoma hukumu. Ili kuelewa kwa nini, tuanze na hiyo laki moja na nusu.

Hela inakwenda wapi

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka hapa Tanzania, na kwa hesabu hiyo nchi yetu imo katika kundi la nchi zenye mzigo mkubwa zaidi duniani. Chembe ambazo zingepaswa kuwa za mviringo na laini hujikunja kama mundu, zikaziba mishipa midogo na kuvunjika kabla ya wakati wake. Ndipo yanapokuja maumivu makali ya mifupa na viungo, upungufu wa damu, maambukizi ya mara kwa mara na, kwa baadhi ya watoto, kiharusi.

Ugonjwa huu hautibiwi kwa dozi ya wiki moja ukaisha. Mtoto anahitaji foliki asidi kila siku, kinga ya malaria, maji ya kutosha, nguo za kumkinga na baridi na kliniki asiyoikosa. Wengi wanahitaji pia haidroksiyurea, dawa inayopunguza mashambulizi ya maumivu. Anayeitumia lazima apimwe damu kila baada ya muda ili daktari aone kama dozi haijazidi. Na akipata homa haisubiriwi hadi asubuhi, kwa sababu homa kwa mtoto mwenye selimundu ni dharura.

Mama ameniandikia matumizi yake ya mwezi. Haidroksiyurea Sh36,000. Foliki asidi Sh3,000. Nauli ya yeye na mtoto kwenda kliniki hospitali ya mkoa na kurudi, Sh24,000. Kipimo cha damu Sh15,000. Hiyo ni Sh78,000. Mwaka uliopita mtoto alilazwa mara mbili, na kila mara walitoka wakiwa wametumia kama Sh180,000. Ukiigawa gharama hiyo kwa miezi 12, unapata Sh30,000 kwa mwezi. Jumla inakuwa Sh108,000.

Katika ile laki moja na nusu zinabaki Sh42,000, yaani Sh1,400 kwa siku. Hapo mtoto hajala, hajavaa, hajapelekwa shule, na hajalipiwa sehemu yake ya kodi ya nyumba.

Siandiki haya ili kumwonyesha baba kuwa bahili. Kwa mtoto ambaye hana maradhi ya kudumu, kiasi hicho kutoka kwa mfanyabiashara mdogo kinaweza kuwa cha haki kabisa. Shida ni kwamba siku ya kikao hakuna aliyeuliza mtoto ana afya gani. Wazee waliulizana juu ya vyombo, kitanda, kiwanja na nani alianza kumtukana mwenzake. Mtoto alipewa mistari minne.

Mtoto anakua, na dozi inakua naye

Lipo jambo ambalo wazazi wengi, hata wanaoelewana, hawalifikirii. Dawa nyingi za watoto hupimwa kwa uzito. Daktari akianza haidroksiyurea kwa miligramu 20 kwa kila kilo, mtoto wa kilo 15 atahitaji miligramu 300 kwa siku. Akifika kilo 30 atahitaji 600. Ugonjwa ni uleule, mtoto ni yuleyule, dawa imekuwa maradufu. Hali ni hiyohiyo kwa dawa za kifafa, na kwa mtoto mwenye kisukari anayechoma insulini mahitaji yake huongezeka anapokua, hasa anapobalehe.

Umri nao una mitego yake. Sera ya afya inawasamehe watoto walio chini ya miaka mitano malipo katika vituo vya serikali. Mzazi aliyezoea msamaha huo anapanga bajeti kana kwamba utaendelea, kisha mtoto anatimiza mitano na dirisha la malipo linaanza kumhusu. Mtoto wa msomaji wetu alikuwa ameshavuka umri huo miezi kadhaa kabla ya kikao.

Ndiyo maana kiasi kilichogandishwa kwenye karatasi huzeeka haraka. Tuna mfano wetu wenyewe. Sheria ya zamani iliyohusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa iliweka kikomo cha matunzo kuwa Sh100 kwa mwezi. Siku ilipotungwa huenda ilikuwa fedha ya maana. Ilibaki hivyo vitabuni, mkate ukipanda bei na shilingi ikishuka, mpaka ilipofutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Waliokuwa wakifuatilia mashauri hayo wanakumbuka akina mama walioshinda kesi na nauli ya kwenda mahakamani ikawa kubwa kuliko walichoshinda.

Kadi ya bima ni ya nani?

Kama kuna swali moja ambalo ningependa kila baraza na kila hakimu aliulize kabla ya kalamu kushikwa, ni hili.

Mtoto wa mfanyakazi anayechangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya huingia kama mtegemezi wa mzazi wake. Mwanachama anayechangia kupitia mshahara anaruhusiwa kumwandikisha mwenza mmoja na wategemezi wanne, wakiwamo watoto na wazazi. Sasa fikiria baba ambaye kadi yake ndiyo inamtibu mtoto. Talaka inatoka. Baba anaoa tena, mke mpya anakuja na watoto wawili, na mama mzazi wa baba naye anaumwa presha. Nafasi ni nne. Bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya, mtoto wa ndoa ya kwanza anaweza kujikuta nje ya orodha, na mama akaligundua hilo dirishani, saa nne usiku, mtoto akiwa amebebwa mgongoni.

Njia nyingine ya kupoteza bima ni baba kuacha kazi au kuachishwa. Michango ikikoma, kadi inakufa. Na ipo hali ya kawaida zaidi inayochosha, ambapo kadi ipo, inafanya kazi, lakini iko kwenye pochi ya baba aliyehamia Tabora.

Kwa hiyo karatasi inapaswa kusema mtoto ameandikishwa chini ya nani, kadi yake anaishika nani (jibu liwe yule anayeishi na mtoto), na kwamba mwenye uanachama hataondoa jina la mtoto bila kumjulisha mzazi mwenzake mapema. Iseme pia nani atalipa mara moja bima ikikatika, wakati utaratibu mwingine unatafutwa. Wasio na ajira rasmi, kama baba wa barua hii, waandike mtoto atakatiwa bima gani, mwezi gani wa mwaka, na nani analipa. Ahadi ya kwamba baba atamkatia bima bila mwezi na bila kiasi ni ahadi ya mdomo iliyopigwa chapa tu.

Na bima hailipi kila kitu. Kuna dawa ambazo hazipo kituoni siku hiyo, kuna nauli, kuna chakula cha anayemuuguza mtoto wodini. Hayo nayo yanahitaji mwenyewe.

Sheria inasemaje

Mimi naandika kuhusu afya, si wakili, na mwenye shauri mahakamani atafute ushauri wa mtu wa sheria. Hata hivyo kuna mambo yaliyo wazi ambayo kila mzazi anapaswa kuyajua.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa baba wajibu wa kuwatunza watoto wake, wawe kwake au kwa mtu mwingine, kwa kadiri ya kipato na hali yake. Inataja malazi, mavazi, chakula na elimu. Matibabu hayamo katika orodha hiyo. Nadhani hapa ndipo karatasi nyingi za mabaraza zinaporithi upungufu wake, kwa kuwa wanaoandika wanafuata mazoea ya miaka mingi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeziba pengo hilo. Inamtaja mtoto kuwa na haki ya chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu, na hata kucheza na kupumzika. Mahakama inapopanga kiasi cha matunzo chini ya sheria hiyo, inaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, kama kuna kinachopunguza uwezo wao wa kujipatia kipato, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Mama naye ana sehemu yake. Anayeuza genge na kupata faida kidogo hatahesabiwa sawa na mwenye mshahara, lakini hatahesabiwa sifuri.

Kuhusu swali la kusaini, kifungu cha 134 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kubadilisha masharti ya makubaliano yoyote yanayohusu malezi au matunzo ya mtoto, wakati wowote, hata kama makubaliano hayo yenyewe yanasema hayabadiliki, ikiwa itaona ni busara na ni kwa ustawi wa mtoto. Ule mstari wa nne, unaosema hakuna atakayedai kingine, hauwezi kumfunga mtoto. Wazazi wanaweza kusameheana deni, kugawana kiti na kabati, kuachiana kiwanja. Haki ya mtoto kutibiwa si yao ya kusameheana.

Nasisitiza hilo kwa sababu kuna biashara ninayoisikia mara kwa mara. Mama anaambiwa achukue mtoto aache matunzo, au aache mtoto achukue nyumba. Akiwa amechoka na anataka tu aachike, anakubali. Miezi sita baadaye yuko famasi anaomba apimiwe nusu dozi.

Talaka ikishatoka bado mlango haufungwi. Mahakama inaweza kubadilisha amri yake ya matunzo ikionekana ilitolewa kwa taarifa zisizo sahihi au hali imebadilika kwa kiasi kikubwa. Ila hapo unafungua maombi mapya, unatafuta mwenzako aliyehama, unaanza kupanga siku upya. Kabla ya hukumu, wote mnaitwa kwenye chumba kimoja na faili liko mezani. Sheria yenyewe inataka maombi ya talaka yaeleze masharti ya makubaliano ya matunzo kama yapo, au mapendekezo ya mwombaji kama hayapo. Kwa hiyo jambo hili ni sehemu ya shauri, na kulizungumza si kulichelewesha.

Wasomaji wa Zanzibar wana Sheria ya Mtoto yao ya mwaka 2011, na mashauri ya talaka za Waislamu huko huenda Mahakama ya Kadhi. Na kwa Waislamu popote walipo, tusichanganye nafaka ya mke akiwa ndani ya eda na matunzo ya mtoto. Eda ina mwisho wake unaojulikana. Kumaliza kulipa ya eda hakumalizi ya mtoto, ingawa nimesikia wanaume watu wazima wakibishana hilo kwa nguvu zote.

Namna ya kurudi mezani

Kwa mama aliyeniandikia, ningeanza na kliniki kabla ya mahakama. Aombe ripoti ya daktari inayotaja ugonjwa wa mtoto, dawa anazotumia na dozi zake, mara ngapi anatakiwa kuhudhuria, vipimo anavyohitaji, na kwamba kulazwa kwa dharura kunatarajiwa kutokea. Watoto wenye selimundu kuanzia miaka miwili hadi 16 hushauriwa kupimwa kwa kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoangalia kasi ya damu kwenye mishipa ya kichwani, ili walio hatarini kupata kiharusi wajulikane mapema. Kipimo hicho hakipatikani kila hospitali, kwa hiyo safari yake nayo iingie kwenye hesabu. Ripoti isiandikwe kumsema baba. Daktari akiombwa aandike kwamba baba hajawahi kukanyaga wodini, akatae, maana kazi yake ni kueleza mtoto anahitaji nini.

Kisha risiti. Kama zipo, zipangwe kwa mwezi. Kama hazipo, aanze leo, hata ya bodaboda aandike kwenye daftari pamoja na tarehe.

Baada ya hapo azungumze na baba wa mtoto, ana kwa ana au kupitia mtu wanayemwamini wote, akiwa na hesabu mkononi. Katika barua yake mama anasema anaogopa simu hiyo kuliko mahakama. Naelewa. Lakini baba ambaye anatuma hela bila kukumbushwa ana uwezekano mkubwa wa kusikia akionyeshwa zile Sh1,400 kuliko akiitwa tena kuambiwa hatoshi. Baba anaweza pia kupendekeza njia ambayo mama hakuifikiria, kwa mfano abaki na ile laki moja na nusu ya chakula na shule, na dawa za mwezi alipie mwenyewe moja kwa moja famasi. Kwa mfanyabiashara ambaye mwezi mmoja una hela na mwingine hauna, kununua dawa za miezi miwili wakati biashara iko vizuri kunaweza kuwa rahisi kuliko kuongeza kiasi cha kila mwezi.

Wakikubaliana, waandike upya, wasaini, na wawasilishe kwa hakimu kabla ya siku ya hukumu wakiomba yaingie kwenye amri ya mahakama. Wasiishie kurudi barazani. Kazi ya baraza ni kusuluhisha, na likishindwa hutoa hati ya kuthibitisha hivyo ili mwenye shauri aende mahakamani. Amri inayoweza kukaziwa hutoka kwa hakimu.

Wasipokubaliana, mama afike kwa karani wa mahakama aeleze kwamba kuna jambo la matunzo linalohitaji kusikilizwa kabla ya hukumu, na awe na ripoti na risiti zake. Ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kuombwa na mahakama kuandaa taarifa ya hali ya mtoto nyumbani. Maofisa hawa huonekana kama watu wa kuwatisha akina baba, jambo ambalo ni bahati mbaya, maana wengi wao wamewahi kuwaketisha wazazi wawili kwenye benchi la mbao na kumaliza kwa saa moja kilichoshindikana kwenye vikao vitatu vya ukoo. Asiye na uwezo wa kulipa wakili anaweza kutafuta watoa huduma waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wakiwamo wasaidizi wa kisheria walioko wilayani.

Karatasi mpya isiwe na maneno ya aina ya "atatoa kadiri ya uwezo wake". Maneno hayo yanasikika ya upole, na ndiyo yanayozaa ugomvi kila tarehe mosi. Iandike kiasi, tarehe, na njia ya kutuma, na simu ni nzuri kwa sababu inaacha kumbukumbu. Iandike nani anapigiwa mtoto akizidiwa usiku, na gharama ya kulazwa itagawanywaje, nusu kwa nusu au kwa uwiano mwingine, na ndani ya siku ngapi. Itaje mwezi mmoja wa kila mwaka wa kupitia upya gharama za dawa, na ningeuchagua ule wa kliniki ambayo mtoto hupimwa uzito na dozi kupangwa upya. Na iseme kwamba mzazi yeyote anaweza kuruhusu matibabu ya dharura bila kumsubiri mwenzake, ila upasuaji wa kupangwa wajulishane.

Haya yanawahusu akina baba pia, kwa upande wa pili. Nimewahi kumsikiliza baba aliyesaini Sh400,000 kwa mwezi kwa sababu ndugu za mke walikuwa wengi chumbani na yeye hakutaka kuonekana hana kitu. Alilipa miezi mitatu. Wa nne alikosa, akaona aibu, akaacha kupokea simu, na kwa sababu hapokei simu akawa hajui kwamba mwanawe mwenye pumu amebadilishiwa dawa. Kwa mtoto, Sh200,000 zinazofika kila mwezi pamoja na baba anayepokea simu zina faida kuliko 400,000 za kwenye karatasi. Baba aliye katika hali hiyo na talaka haijatoka, naye arudi mezani na vitabu vyake vya biashara.

Wakati huo mtoto anasikia

Wazazi hudhani mtoto wa miaka sita hafuatilii. Anafuatilia. Anajua jina lake linatajwa karibu na neno hela. Watoto wa umri huu mara nyingi hawasemi wana huzuni. Wanaanza tena kukojoa kitandani, tumbo linauma kila asubuhi ya shule, wanang'ang'ania nguo ya mama mlangoni. Kwa mtoto mwenye selimundu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa msongo wa mawazo umo kati ya vichocheo vinavyotajwa vya mashambulizi ya maumivu, pamoja na baridi, kukosa maji na maambukizi. Na baadhi ya watoto wenye maradhi ya kudumu hufikia hatua ya kuficha maumivu wakiamini kwamba wao na dawa zao ndio chanzo cha baba na mama kugombana. Mtoto anayeficha maumivu ya selimundu anaweza kufika hospitali akiwa amechelewa.

Aambiwe kwa maneno machache, na wazazi wote wawili kama inawezekana, kwamba dawa zake zitanunuliwa na kwamba ugonjwa wake haujamwachanisha mtu. Asitumwe kumuuliza baba kama hela imetumwa. Asiulizwe baba amenunua nini kwa mke mpya.

Kuna mstari wa tatu wa ile karatasi, unaosema baba atamwona mtoto wakati wa likizo. Likizo ya Desemba ni wiki kadhaa, na baba anaishi kwenye mkoa wenye baridi. Mtoto atasafiri na dawa za siku zote atakazokaa huko, pamoja na za ziada iwapo basi litaharibika au safari itaahirishwa. Asafiri na sweta, chupa ya maji, nakala ya ripoti ya kliniki na kadi ya bima kama anayo. Baba ajue kabla mtoto hajashuka stendi ni hospitali gani ya karibu inayopokea wagonjwa wa selimundu na inaongezaje damu usiku. Ajue pia kupapasa wengu chini ya mbavu za kushoto, kwa sababu wengu ukivimba ghafla mtoto anaweza kupungukiwa damu kwa saa chache. Muuguzi wa kliniki humfundisha mzazi hilo kwa dakika kumi, akiwa na mtoto wake mwenyewe kitandani. Kliniki ijayo ya mtoto huyu iko kabla ya siku ya hukumu. Ningemwomba mama amwalike baba aje.